Chungu cha bi harusi wa Mkula: mahindi na maharagwe yametufikaje



Kabla ya mwezi wa Rajabu tulipata ujumbe kutoka kwa binti wa Pemba aliyekuwa anaolewa Mkula. Tukubali kwamba wengi wetu tulilazimika kufungua ramani. Mkula iko bara, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu, ukanda wa Ziwa Victoria, si mbali na barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma. Mkoa wenyewe ni wa 2012, kabla ya hapo watu wa pande hizo walikuwa wanahesabiwa Mwanza. Ni nchi ya Wasukuma, nchi ya ng'ombe na pamba.

Tatizo lake lilikuwa hili. Mume ni Muislamu, anaswali, na posa ilikwenda vizuri. Ila ukoo wa mume kwa sehemu kubwa si Waislamu. Siku ya tatu baada ya kufika, bi harusi anatakiwa apikie watu wa ukoo, kama thelathini hivi, ili wamuone mkono wake. Nyama italetwa, na nani aliyechinja hatojua. Akiuliza ataonekana anawadharau watu waliompokea kwa furaha. Akinyamaza moyo wake hautotulia. Akaona kwenye intaneti mchuzi wa Kimexico usio na nyama, samaki, siagi wala maziwa, unaopikwa mapema ukawekwa. "Dada zangu," aliandika, "naweza kuupika huu? Lakini unataka maharagwe ya kopo, mahindi ya kopo na pilipili inayoitwa chipotle, na mimi huko kopo nitalipata wapi?"

Tulicheka kidogo, kwa mapenzi. Kisha tukakaa na lile pishi tukalisoma vizuri: mahindi, maharagwe, boga, tungule, pilipili, parachichi la kukatia juu. Tukatazamana. Hii si kande? Au kwa sisi wa pwani, hii si pure bila ya nazi?

Suala la nyama si dogo na hatutaki kulipita juu juu. Mwaka 2013 huko Geita, kanda hiyo hiyo ya ziwa, mgogoro wa nani ana haki ya kuchinja ulifika mpaka watu wakapigana na roho ya mtu ikapotea. Majirani waliokuwa wakila harusi pamoja miaka yote walianza kutazamana kwa jicho jengine. Hukumu ya nyama ya namna hiyo waulizeni masheikh wenu, si kazi yetu hapa. Sisi tunachokijua ni kwamba chungu cha nafaka na kunde hakimuulizi mtu dini yake. Muislamu, Mkristo na anayeshika mila za wazee wote wanakula bila mtu kumuangalia mwenziwe.

Basi tukamjibu kwamba chakula anachokitafuta kimeshafika Mkula, tena zamani sana. Na kwa kuwa baadhi yenu mnapenda makala zetu za historia, tukaona tukieleze kimefikaje.

Tuanze na sisi wenyewe. Ibn Battuta, Muislamu wa Tangier aliyetembea dunia, alipita pwani yetu mwaka 1331. Mogadishu alikirimiwa wali uliopikwa kwa samli, juu yake mchuzi wa kuku, nyama, samaki na mboga, pembeni ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya malimau, tangawizi mbichi, maembe, na vishada vya pilipili vilivyotiwa siki na chumvi. Mombasa aliona watu wanategemea zaidi ndizi na samaki. Ukiisoma ile karamu unaona kama uko Unguja leo, mpaka utafute tungule. Hakuna. Tafuta muhogo, mahindi, maharagwe mekundu, mbatata, papai, nanasi. Hakuna hata kimoja. Hata zile pilipili za vishada hazikuwa hizi tunazozijua. Zilikuwa pilipili manga zikiwa bado mbichi, za mtambaa wa India. Pilipili yetu hii ya mbuzi na ya kichaa ilikuwa ng'ambo ya bahari nyengine kabisa, na hakuna mtu wa upande wetu wa dunia aliyewahi kuionja.

Ndiyo maana katika Qur'ani, pale Bani Israil walipochoka na chakula kimoja wakataka vinavyooteshwa na ardhi, tunasoma mboga, matango, dengu na vitunguu. Mahindi hayatajwi wala tungule hazitajwi. Vyote vilikuwa upande mwengine wa bahari, kwa watu wengine.

Watu hao ni wa nchi tunayoiita leo Mexico. Kiasi cha miaka 9,000 iliyopita, kwenye bonde la mto Balsas kusini mwa nchi hiyo, wakulima walianza kuchagua mbegu za nyasi moja ya mwituni, yenye punje ngumu zisizozidi dazeni, na kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi wakapata gunzi la mahindi. Maboga nayo yalilimwa huko tangu zamani mno, na maharagwe pia. Walivipanda vitatu hivi pamoja, shamba lao wakaliita milpa. Haragwe linapanda juu ya bua la hindi, mizizi yake inarudisha rutuba kwenye udongo, na majani mapana ya boga yanafunika ardhi isikauke na magugu yasiote. Mkulima yeyote wa Simiyu anayechanganya mahindi na kunde na kuacha maboga yatambae katikati anaijua hesabu hiyo bila kufundishwa.

Watu hao hawakuwa na ng'ombe, mbuzi, kondoo wala kuku kabla ya Wahispania. Wanyama wao wa kufuga kwa chakula walikuwa bata mzinga na mbwa. Kwa hiyo siku nyingi chungu chao kilikuwa cha mimea mitupu, na kwa chungu hicho walijenga miji mikubwa. Hii wanayoiuza leo kwenye majarida kama mtindo mpya wa kula bila nyama ni chakula cha kawaida cha bibi wa Kimexico wa miaka elfu tatu nyuma. Nyama ya kusaga, jibini na malai vilikuja baadaye na meli.

Mwaka 1492 una mambo mawili ambayo sisi Waislamu tunapaswa kuyakumbuka pamoja. Mwezi wa Januari mji wa Granada, ngome ya mwisho ya Waislamu wa Andalusia, ulisalimishwa kwa wafalme wa Hispania. Mwezi wa Agosti, Christopher Columbus aliondoka kwa amri ya wafalme hao hao kuvuka bahari ya magharibi. Wahispania waliofuata, ambao mwaka 1521 waliuteka mji mkuu wa Waazteki, Tenochtitlan, walibeba jikoni mwao vitu vingi walivyovijua kwa Waislamu: mchele, malimau, kotmiri, mdalasini, na bizari nyembamba, ile ile tunayotia kwenye pilau. Kwa hiyo ukila leo mchuzi wa Kimexico ukasikia harufu ya nyumbani kwenu, pua yako haikudanganyi. Bizari imekwenda kule ikitokea huku, na pilipili ikaja huku ikitokea kule.

Waliotuletea sisi ni Wareno. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498, na kwa miaka kama mia mbili, mpaka Waomani walipowatoa Fort Jesus mwaka 1698, meli zao zilizunguka baina ya Brazil, Afrika na Goa. Walikuwa watu wakali na pwani haikuwapenda. Lakini waliacha vitu: meza, gereza, leso hii mnayojifunga, na mashambani wakaacha mahindi, muhogo, papai, nanasi, korosho. Mbatata, neno ambalo sisi visiwani bado tunalitumia wakati bara wanasema viazi, ni la Kireno, nao walilichukua kwa watu wa visiwa vya Karibi.

Majina ya mahindi yanachekesha. Bibi zetu waliona punje ngeni zimeshuka kwenye vyombo vya baharini, na kila kizuri kilikuwa kinatoka India, wakayaita mahindi. Waitalia waliyaita nafaka ya Kituruki. Waturuki mpaka leo wanayaita mısır, yaani Misri. Wamisri nao wakasema ni mtama wa Sham. Kila mtu alimsingizia jirani, na Mexico haikutajwa na mtu. Pilipili ilipata bahati hiyo hiyo: jina lilikuwa la pilipili manga, mgeni akaja akalinyang'anya, mwenyewe akabaki kuongezewa neno ili ajulikane.

Sasa, kutoka pwani mpaka Mkula ni safari ndefu, na hapa sifa si za Wareno hata kidogo. Karne ya 19 njia za misafara ziliunganisha Bagamoyo na Tabora, na kutoka Tabora kwenda ziwani. Waliobeba mizigo kwa wingi walikuwa Wanyamwezi na Wasukuma wenyewe. Walishuka na pembe za ndovu, wakarudi na shanga, chumvi na kitambaa cha pamba kilichoitwa amerikani kwa sababu kilitoka Marekani, ambayo ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833. Mbegu haina uzito. Mtu anaweza kufunga kiganja cha mahindi kwenye pindo la nguo akatembea nacho miezi mitatu.

Julai 1858, Mwingereza John Hanning Speke aliondoka Tabora kwenda kaskazini baada ya kuelezwa habari za ziwa na mfanyabiashara Muomani aliyekuwa akiishi pale, Snay bin Amir, na tarehe 3 Agosti akaliona ziwa karibu na Mwanza. Vitabu vinasema "aligundua". Sheikh Snay na Wasukuma waliokuwa wakivua humo hawakuulizwa. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alianzia upande huo huo kulizunguka ziwa kwa mashua, akaupita mdomo wa mto Simiyu, akadhani ameshika mkia wa mto Nile. Ndio mto uliompa mkoa jina lake.

Lakini msidhani mahindi yalipofika yalikuwa mfalme. Nafaka kubwa za Usukuma zilikuwa mtama na uwele, za Afrika hii hii, zinazovumilia jua. Mahindi yalipanda cheo taratibu, zaidi wakati wa ukoloni na baada yake. Sababu moja ni ndege. Mtama unakaa wazi na kwelea kwelea wanauvamia kwa maelfu, na anayekaa shambani kuwafukuza kutwa nzima ni mama na watoto. Hindi limevaa shuka lake. Sababu nyengine ni pamba, iliyohitaji mikono palizi nzima, na chakula kisicho na kazi nyingi kilipendwa. Na hata hiyo pamba: aina inayolimwa Simiyu ni ya ukoo uliofugwa na wakulima wa Mexico pande za Yucatan. Kwa hiyo mwanamke wa Mkula analima Mexico, anakula Mexico, na akijifunga kanga ya pamba anavaa Mexico pia.

Mahindi yana uovu wake, nao ni ukame. Mvua ikikosekana wakati wa kutoa mbelewele, umekosa kila kitu, wakati mtama jirani yake unajikunja unasubiri. Njaa zimepita. Wazee wa bara wanakumbuka mahindi ya njano ya msaada kutoka Marekani miaka ya 1970 na 1980, ambayo watu waliyaita yanga. Huku kwetu, bibi zetu wanakumbuka miaka ya mwanzo ya 1970 mchele ulipokuwa wa mgao na muhogo ukatuokoa. Mtu aliyepita hayo hadharau chungu cha maharagwe. Ni sisi watoto wa juzi tunaoona haya kuwawekea wageni chakula kisicho na nyama, na tunasahau kwamba bibi Aisha radhiyallahu anha amesimulia kwamba nyumba za Mtume swallallahu alayhi wasallam zilikuwa zinapita miezi bila moto kuwashwa, chakula chao tende na maji.

Kuna jambo moja mahindi yalipofunga safari liliachwa nyuma, na lilileta msiba. Wanawake wa Mexico hawakuchemsha mahindi makavu kwa maji matupu. Walitia chokaa au majivu, wakayalaza usiku, wakayaosha, ndipo wakasaga. Walijua yanalainika na unga unashikana. Wasichokijua wao wala mtu mwengine ni kwamba chokaa inafungua vitamini moja iliyofungwa ndani ya punje. Wazungu walichukua mahindi, mafunzo ya jikoni wakayaacha, kwani nani amuulize mwanamke wa Kihindi Mwekundu anapikaje? Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal aliona kaskazini mwa Hispania maskini waliokula mahindi matupu wanababuka ngozi shingoni na mikononi, wanaharisha, wanachanganyikiwa. Ndiyo pelagra. Marekani Joseph Goldberger alithibitisha kwamba si ugonjwa wa kuambukiza bali ni wa chakula, na vitamini yenyewe, niasini, ilijulikana mwaka 1937. Karibu na kwetu, mwaka 1990, maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliugua pelagra. Walikuwa wanapewa mahindi, na karanga zilikatika.

Karanga! Tuliisoma habari hiyo mara mbili. Maana Usukumani mboga nyingi zinapikwa kwa karanga, na kande inapikwa na maharagwe au kunde. Wanawake hao hawakuwa na chokaa ya Kimexico, lakini chungu chao kilikuwa na dawa yake. (Tafadhali msiende kutia chokaa ya tambuu kwenye mahindi kwa sababu mmeisoma hapa. Na magadi mnayotia ili maharagwe yaive haraka yanaharibu vitamini nyengine, basi tieni kidogo au acheni, rowekeni tu.)

Turudi kwa bi harusi, maana alikuwa anasubiri jibu na siku zinakwenda.

Tulimwambia hivi. Kwa watu thelathini chukua kilo mbili za mahindi meupe yaliyokobolewa na kilo mbili za maharagwe. Chagua, tupa kila punje iliyoota ukungu au iliyobadilika rangi bila huruma. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa sumu ya ukungu wa mahindi, na sumu hiyo haiondoki kwa kupika. Roweka mbali mbali usiku kucha, asubuhi mwaga maji. Maharagwe yachemke kwa nguvu dakika kumi za mwanzo, yasianze kwa moto wa kuvizia, kwani haragwe jekundu likiwa halijaiva lina sumu ya kutapisha. Mahindi yanataka kama saa mbili, maharagwe saa moja na kitu. Tungule usitie mapema. Ukali wake unayafanya maharagwe yagome kulainika, utapika mpaka Magharibi.

Chipotle ni pilipili iliyoiva ikakaushwa kwa moshi. Basi chukua pilipili kavu, zikaange kwenye kikaango kitupu mpaka zianze kunukia moshi (fungua dirisha), zitwange na bizari nyembamba iliyokaangwa vivyo hivyo. Kaanga vitunguu kilo moja na nusu kwa mafuta ya alizeti mpaka viwe vyekundu, tia thomu, tia ule unga, tia tungule kilo tatu zikauke mpaka mafuta yapande juu. Hapo changanya mahindi, maharagwe na boga la kilo tatu lililokatwa vipande. Boga lianze kuvunjika, ndilo linalofanya mchuzi uwe mzito badala ya malai. Mwisho chumvi, ndimu, kotmiri. Parachichi likatwe wakati wa kupakua.

Kwa walio na friji, chakula hiki ni cha kupika leo ule kesho, na kesho kinakuwa kitamu zaidi. Kimimine kwenye sinia pana kipoe haraka, kiingie frijini kabla ya saa mbili kupita, kimalizike siku ya tatu. Kwenye friza kinakaa miezi. Bi harusi anayejiandalia fungate au Ramadhani atatushukuru.

Lakini Mkula alikokwenda hakukuwa na friji, na maharagwe yaliyoiva yakilala kwenye joto yanachacha. Hapo ndipo tulipojifunza sisi. Kupika mapema kwa Wasukuma hakuhitaji friji, kunahitaji jua. Viazi vitamu, navyo vya asili ya Amerika, vinakatwa vibichi vikaanikwa vikawa michembe, au vinachemshwa kwanza vikakatwa na kuanikwa vikawa matobolwa. Vinakaa miezi. Majani ya kunde nayo yanakaushwa. Mama wa Kisukuma anatayarisha chakula cha mwezi wa njaa mwezi wa shibe. Basi tukamshauri binti: pilipili na bizari zitwange siku mbili kabla, nafaka zirowekwe usiku, na moto uwashwe baada ya Alfajiri siku yenyewe.

Baada ya wiki tatu alitupigia simu. Watu walikuja arubaini na kitu, si thelathini. Mashemeji wawili waliuliza nyama iko wapi, wakacheka, wakarudia sahani. Parachichi halikupatikana siku hiyo. Mama mkwe, anayemwita mayu kama wenyeji wanavyosema, alionja akiwa amesimama, akanyamaza, akaingia ndani akarudi na bakuli la karanga zilizotwangwa. Akazimimina mwenyewe kwenye sufuria, akakoroga, akamwambia chakula ni hiki hiki chao, ila alikisahau kitu.

Sasa hivi anataka tumtumie pishi la pure la nazi, amuonyeshe mayu.